Laiki Hazisafirishi Mzigo

Kama wewe ni kijana wa Kitale au Bungoma, lazima ushawahi kualikwa kwa mafunzo ya kuuza vitu mtandaoni. Unafunzwa kupiga picha kali, kuandika maelezo na kutafuta laiki. Mnakunywa soda, mnapewa cheti, mnaenda home. Kitu kimoja tu huwa hakionekani kwa hizo semina: mzani.

Na mzani ndio unaamua kama utapata faida. Kulipwa si shida kubwa tena, maana M-Pesa na PayPal ziliunganishwa 2018. Shida ni kufikisha mzigo.

Chukua mfano wa litungu, ile ala ya nyuzi ya Wabukusu. Tuseme mteja wa Ujerumani ameagiza moja kutoka kwa fundi wa Bungoma. Na boksi lake, ina kilo nne. Lakini kampuni za ndege na vifurushi hazipimi uzito pekee, zinapima pia nafasi. Fomula ya kawaida ya kampuni za vifurushi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 5,000. Boksi la 90 kwa 60 kwa 30 linatoa 32.4. Yaani umebeba kilo nne, unalipishwa zaidi ya 32. Mimi chuo niliacha, lakini hiyo hesabu hata kwa simu unafanya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuwahi kutuma usufi kwa ndege.

Sasa fikiria dada wa Kipsongo anayesuka vikapu. Akituma kimoja kimoja, analipia hewa. Akisuka saizi tofauti zinazoingiana, boksi lilelile linabeba sita. Huo ndio ujuzi tunaohitaji, na haumo kwa cheti.

Vitu vizito navyo vina yao. Wachongaji wa mawe wa Tabaka, kule Kisii, wanajua sanamu kubwa haiendi kwa kifurushi cha posta, ambacho kwa kawaida mwisho ni kilo 30. Inaenda kwa meli kupitia Mombasa, na ukiifunga kwa kreti ya mbao, hiyo mbao lazima iwe imetibiwa na kupigwa muhuri, la sivyo inaweza kuzuiwa huko mbele. Ngoma ya ngozi ya kenge nayo inataka kibali cha wanyamapori kabla ya kutoka nchini. Kitu cha thamani kikipotea kwa ndege, fidia ya kawaida huhesabiwa kwa kilo, si kwa bei yake, isipokuwa ulitangaza thamani na kulipia zaidi.

Halafu kuna ushuru. Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800. Kama hamkukubaliana mapema nani analipa, mteja anakutana na bili mlangoni, anakataa mzigo, na wewe unabaki na hasara ya kwenda na kurudi.

Kuna mtu atasema, si uuzie tu dalali wa Nairobi? Sawa, wengi hufanya hivyo. Lakini jua unachouza hapo. Dalali hakuzidi kwa kusuka wala kuchonga. Anakuzidi kwa kujua fomu na kukusanya mizigo ya watu wengi kwa kontena moja. Hiyo ndiyo faida yako anayokula.

Na hatuko mbali na usafiri vile tunavyodhani. Uwanja wa ndege wa Eldoret ulifunguliwa 1997. Kwa miaka mingi ndege za mizigo zimekuwa zikishusha bidhaa pale, kisha mara nyingi zinaondoka tupu. Sababu moja ni njia ya kurukia ya kilomita 3.5, ambayo ni fupi kwa ndege kubwa iliyojaa uzito, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100. Poa, lakini vikapu si uzito! Vitu vyepesi ndivyo hasa vingefaa kwa hizo ndege.

Kwa hivyo ombi langu kwa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ni dogo. Semina zimetosha. Tupeni chumba kimoja chenye mzani, maboksi, mbao zilizotibiwa na mtu mmoja anayejua forodha, ili mizigo yetu ikusanywe iende pamoja. Kontena ya futi 20 inabeba kama mita za ujazo 33. Hakuna fundi wa Kipsongo atakayeijaza peke yake, lakini mafundi hamsini wanaweza.

Wakati tunangoja, usitaje bei kwa mteja wa ng'ambo kabla hujafunga mzigo, ukaupima na kuuliza nauli. Picha piga baadaye.