Machozi Hayana Upande

Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Je, ndugu hao wakigombana kwa bunduki?

Tazama nyumba ya Abraham Lincoln, Rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Lincoln aliongoza Kaskazini. Mkewe, Mary Todd, alizaliwa Kentucky katika jamaa iliyomiliki watumwa, na ndugu zake kadhaa walijiunga na jeshi la Kusini lililopigania utumwa udumu.

Mwaka 1862 ndugu zake wawili wa baba mmoja, Samuel na Alexander, waliuawa vitani. Septemba 1863 akauawa Benjamin Helm, mume wa Emilie, dada yake mdogo. Vita vilipoanza, Lincoln alikuwa amempa Helm cheo katika jeshi lake. Akakikataa, akaenda kuwa jenerali wa Kusini.

Hebu jiweke mahali pa mama huyo. Atawaliliaje hadharani watu waliokufa wakimpiga mumewe? Kaskazini walimshuku kuwa jasusi. Kusini walimwona msaliti.

Desemba 1863 Emilie alifika Ikulu akiwa mjane. Alikuwa amekataa kula kiapo cha utiifu, lakini Lincoln aliagiza aletwe hivyo hivyo. Dada hao walikumbatiana, wakalia, wakaepuka kutaja vita. Inasimuliwa kwamba jenerali mmoja alipolalamika kuwa muasi analala Ikulu, Rais alimjibu kuwa yeye na mkewe huchagua wageni wao wenyewe.

Hata hivyo, mwaka 1864 Emilie alimwandikia Lincoln barua kali, akimlaumu kwa dhiki na misiba ya kwao. Udugu ukakatika. Vita vilikwisha mwaka uliofuata, lakini si baina yao.

Sisemi kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Utumwa ulikuwa dhuluma, na Lincoln hakulegeza kamba kwa ajili ya shemeji. Ninalosema ni kwamba mfiwa ni mfiwa. Siasa ikigawanya nyumba yako, bishaneni mpendavyo, lakini asizuiwe mtu kumlilia wake. Na mkishakumbatiana, lizungumzeni lile lililowatenga. Kidonda kinachofunikwa bila kuoshwa hakiponi.