MTIHANI WA DALALI SI HESABU ZA RIBA

Katika jimbo la California, Marekani, anayetaka kuuza nyumba za watu kwa kamisheni hutakiwa kuwa na leseni. Ile ya ngazi ya kwanza, ya muuzaji anayefanya kazi chini ya dalali mkuu, hupatikana baada ya kozi tatu za saa 45 kila moja, kisha mtihani wa maswali 150 kwa saa tatu. Kufaulu ni asilimia 70, yaani majibu sahihi 105. Anayeanguka hulipa tena ili kurudia.

Ada, vitabu na muda wa kusoma ni mtaji, na mtaji huo hupotea bure pale mtahiniwa anapokesha na hesabu za riba na kukariri maswali ya zamani. Mgawanyo wa alama umetangazwa wazi na idara ya serikali inayosimamia biashara hiyo. Fedha na mikopo ni asilimia 9 tu. Umiliki na matumizi ya ardhi ni 15, uthamini na uchambuzi wa kifedha 14, mikataba 12, uhamisho wa mali 8. Utendaji wa kazi, pamoja na kumweleza mnunuzi kasoro za mali, ni 25, na sheria za uwakala 17. Mafungu hayo mawili ya mwisho yanafikia asilimia 42, sawa na maswali 63.

Basi mwenye saa 100 za marudio atenge 42 kwa mafungu hayo. Hesabu za mikopo zitosheke na 9.

Mgawanyo huo una mantiki ya kibiashara. Riba hukokotolewa na benki. Linalomtia mteja hasarani ni dalali aliyeficha paa linalovuja, aliyewatumikia muuzaji na mnunuzi kwa siri, au aliyechanganya arubuni ya mteja na fedha zake mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyekariri herufi za majibu huenda akafikisha 105, lakini mteja wa kwanza akimuuliza yeye ni wakala wa nani, atababaika.

Somo hili linamhusu pia mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, inayomtaka wakala awe amesajiliwa na bodi. Mnunuzi wa kiwanja Nairobi au Mombasa hana budi kumtahini wakala kabla ya kutoa shilingi ya kwanza: cheti cha usajili kiko wapi, anamwakilisha nani, na arubuni itawekwa katika akaunti gani? Asiyejibu maswali hayo matatu amefeli, hata kama bei yake ni nafuu.