Mikindani Haikosi Kidonge, Inakosa Choo

Tangu Marekani isitishe misaada yake Januari 2025, swali nisilochoka kuulizwa ni hili: nani sasa atanunua dawa ya minyoo ya watoto wetu? Swali lenyewe limepinda. Albendazoli ya shuleni hutolewa bure na watengenezaji, kupitia Shirika la Afya Duniani. Kidonge ndicho kitu cha mwisho tutakachokosa.

Sikidharau. Ni rahisi, kinatafunwa mara moja, na utafiti wa Michael Kremer na Edward Miguel huko Busia, ulioanza 1998, ulionyesha utoro ukipungua kwa robo. Wachumi wangali wanazibishia hesabu zile. Haya, na wabishane.

Mimi linanikera moja tu. Kidonge kinaua mnyoo wa leo, wa kesho hakimhusu. Mchango jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Yakishatoka na kinyesi yakapata udongo wenye unyevu na kivuli, hukomaa baada ya wiki mbili tatu, na yaweza kungoja hapo miaka. Sasa teremka Mikindani, hapa Mombasa, hadi mkondo wa Tudor. Maji taka ya mitaa yamekuwa yakiishia kwenye mikoko, hata watafiti wakaja kupima mikoko ile inaweza kuyachuja kiasi gani. Mti ndio uliopewa kazi ya mhandisi! Maji yakipwa, watoto wanapiga mpira kando yake, miguu mitupu, na minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo. Mpira ukiisha wanakimbilia mabuyu bila kunawa. Vidole vinageuka vyekundu, vinarambwa kimoja kimoja.

Hapo atatokea mtu wa semina kusema akina mama wafundishwe usafi. Kwa maji gani, bwana? Mfereji umekauka, na mtungi wa lita 20 ulioletwa na mkokoteni ni wa kupikia.

Na si kwamba hatujaambiwa. Hapo jirani Kwale, utafiti wa Tumikia uliochapishwa 2019 ulifuatilia safura kwa miaka miwili. Walikotibiwa watoto wa shule pekee, mara moja kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Walikotibiwa watu wote, nyumba kwa nyumba, mara mbili kwa mwaka, ilianguka kutoka 20.6 hadi 4.7. Basi minyoo haikai darasani. Inamngoja mtoto nyumbani, kwa baba na nyanya ambao hakuna aliyewapa kidonge, na kwenye udongo ambao haumezi dawa.

Shule moja ninayoijua, siku ya dawa watoto hupangwa mstari. Kila mmoja anatafuna chake, anafungua kinywa mwalimu aone, daftari linatiwa alama. Kengele ya mapumziko ikilia, mstari ule ule unahamia msalani. Mlango hauna komeo. Ndoo ipo, imelala kifudifudi, kavu.