Dawa ya sonona kwa maumivu ya mwili: mgonjwa aelezwe

Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku kucha anaweza kutoka kliniki na vidonge vya amitriptilini. Nyumbani anasoma karatasi iliyomo kwenye pakiti, anakuta ni dawa ya sonona, na papo hapo anaamini kwamba daktari kamwona ana ugonjwa wa akili. Vidonge vinaishia kabatini, naye anarudi duka la dawa kununua diklofenaki. Kosa hapo si la dawa wala la mgonjwa, bali ni la aliyeiandika bila kuieleza. Kwa dawa za aina hii, maelezo ni sehemu ya tiba.

Maelezo yenyewe si magumu. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 mara nyingi hayatokani tena na jeraha. Mishipa ya fahamu yenyewe imeharibika au imezoea kupeleka taarifa za maumivu bila kukoma. Ubongo una njia ya kuzipunguza taarifa hizo katika uti wa mgongo, na njia hiyo hutumia noradrenalini na serotonini, kemikali zilezile ambazo baadhi ya dawa za sonona huziongezea nguvu. Ndiyo maana amitriptilini ya maumivu huanzia miligramu 10 au 25 usiku, kiasi kidogo kuliko cha kutibu sonona, na hata asiye na sonona anaweza kupata nafuu. Diklofenaki hupambana na uvimbe. Kwa mishipa iliyoharibiwa na sukari haisaidii sana, na ikimezwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuziumiza figo ambazo kisukari tayari kinazitishia.

Wapo watakaosema ushahidi wenyewe ni haba, na wana hoja. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya majaribio 176 ya dawa za sonona kwa maumivu ya muda mrefu, yenye washiriki zaidi ya 28,000. Iliyosimama imara kuliko zote ni duloksetini, tena miligramu 60 kwa siku zilitosha. Kuzidisha dozi hakukuleta nafuu zaidi. Amitriptilini, inayoandikwa sana, ilikutwa na tafiti ndogo na dhaifu. Majaribio hayo yalidumu wastani wa wiki 10 tu, ilhali wagonjwa humeza dawa hizi kwa miaka. Lakini dawa kukosa ushahidi mzito si sawa na kuthibitika kuwa haifai. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, kwa wagonjwa 130 wenye maumivu ya mishipa yatokanayo na kisukari, lilionyesha kuwa kuanza na amitriptilini, duloksetini au pregabalini kulileta nafuu inayokaribiana. Na wanaotamani dawa kali za jamii ya afyuni wakumbuke utafiti wa Marekani wa mwaka 2018: wagonjwa 240 wenye maumivu ya mgongo, nyonga au goti walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na dawa hizo hazikuzishinda zile za kawaida.

Daktari atauliza: na foleni iliyojaa nje, muda wa kueleza uko wapi? Sentensi chache zinatosha. Dawa hii inatuliza mishipa, si kwamba una wazimu. Itakukausha mdomo, itakupa usingizi na huenda ikakufungia choo. Subiri wiki kadhaa, usiiache ghafla, na urudi tarehe fulani. Isipokusaidia tutaipunguza taratibu mpaka tuiache. Mwenye ugonjwa wa moyo, mzee anayeyumba akitembea na mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba wanastahili tahadhari zaidi. Wengine huogopa kwamba kumwambia mgonjwa kuwa nafuu haina uhakika ni kumvunja moyo. Kinachomvunja moyo ni kuahidiwa kupona, kisha kuachwa na kidonge asichokijua. Ushahidi ukiwa na mashaka, kila agizo ni jaribio, na jaribio lisilo na tarehe ya kupimwa matokeo yake halipaswi kuanzishwa.