Juu ya Saa za Ziada na Sahihi ya Mkubwa



Tumeletewa shauri la mwenzetu mmoja, karani wa stoo katika ofisi moja ya bonde hili ambayo hatutaitaja. Wakati wa masika, Mto Lumemo ulipotoka kingoni na kuingia mitaani Ifakara, mkubwa wake alimwita kwa kinywa tu, akamwambia asiende nyumbani. Mwenzetu akafungua stoo, akahesabu mablanketi na ndoo, akaandika kila kitu kilichotolewa kwa watu waliokimbia maji. Alifanya hivyo siku sita, toka saa 11 jioni hata saa 4 usiku. Mwisho wa mwezi akajaza fomu ya ovataimu. Ikarudi na maneno mawili ya wino mwekundu: "Hakuna kibali."

Hatusemi kwamba kibali ni kitu cha bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yenyewe yataka kazi ya ziada ifanywe kwa mapatano, tena yaweka mpaka: saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne. Kama kila mtu angejiamulia kubaki ofisini na kudai fedha, hakuna fungu lingetosha. Lakini twauliza: mto ukijaa usiku, nani atangoja barua ipigwe taipu, ipelekwe kwa mkubwa, irudi na mhuri? Aliyemwita mtu kazini amekwisha kukubali. Kinachokosekana ni karatasi ya kukubali kwake, na karatasi hiyo ni wajibu wa aliyeita kuliko aliyeitwa.

Wako wasemao kwamba mwenzetu alipita kiasi, kwa kuwa hakuna aruhusiwaye kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, naye alikuwa amekwisha kufanya saa nane tangu saa 1:30 asubuhi kabla ya kuziongeza hizo tano. Hao wasome tena. Sheria haikuisahau dharura. Kwa kazi ya namna hiyo mpaka wa saa 12 hulegezwa. Bali hatukuona mahali palipoandikwa kwamba na malipo nayo hulegezwa.

Sasa twende kwenye jambo lililotuhuzunisha zaidi, maana kosa lake ni letu wenyewe. Tulipoitazama ile fomu tuliona mwenzetu ameandika "saa 11 – saa 4", bila neno jioni wala usiku. Mhasibu aliyezoea saa za Kizungu akasoma kwamba ni toka kabla ya adhuhuri hata alasiri, yaani saa ambazo kila mtumishi yuko mezani pake! Hata kama kibali kingalikuwapo, dai lingalirudi. Makarani tulioaminiwa kuandika mambo ya watu wote tumeshindwa kuandika mchana na usiku wetu. Andikeni "saa 11 jioni hadi saa 4 usiku", na fomu ikiwa ya Kizungu andikeni 17:00 hadi 22:00; msichanganye mbili hizo katika mstari mmoja.

Na tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Toka saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, nayo huongezewa asilimia 5, na kama saa hiyo ni ya ziada asilimia hiyo huhesabiwa juu ya malipo ya ziada. Tuseme saa moja ya mtu ni shilingi 2,000. Saa yake ya ziada ni 3,000, na ikiangukia usiku ni 3,150. Kwa mfano huo, saa 18 za jioni ni shilingi 54,000, na saa 12 za usiku ni 37,800, jumla 91,800. Hizo ni karo na unga wa nyumba. Wengi wetu tulio Serikalini hulipwa kwa jina la posho ya kazi za ziada, yenye viwango vyake. Lakini posho nayo hailipwi bila saa zilizoandikwa.

Tena tusijifiche. Wako kati yetu wajazao fomu tarehe 28 kwa kukumbuka kumbuka, na kila siku ikawa saa tatu kamili, hata Jumapili waliyokuwa ng'ambo ya Kilombero shambani kwao Lupiro. Mkubwa akigundua mmoja wa namna hii, hukata madai ya ofisi nzima, na mhudumu wa wodi aliyekesha kweli huumia pamoja na mwongo. Chama hakitamtetea mtu wa fomu za tarehe 28.

Twaomba wakubwa wa ofisi jambo moja. Kazi ikiitishwa kwa kinywa, sahihi ipatikane asubuhi ya pili kabla ya saa 4. Na mkubwa akikataa kutia sahihi, aandike sababu na jina lake pale pale. Neno "hakuna kibali" lisilo na jina chini yake lisikubaliwe kuwa jibu.

Fomu ya mwenzetu imeandikwa upya, na mkubwa aliyemwita amekubali kutia sahihi. Imepelekwa tena kwa mhasibu, na jibu lake tutalichapa humu. Daftari la mfano, lililopigwa mistari ya tarehe, aliyeita, kazi, kuanza, kumaliza na sahihi, liko kwa Katibu. Njoni mlinakili, na kila mtu aje na rula yake.