Wastani si kasi, jamani!

Juzi jamaa mmoja (simtaji, ni rafiki) alinionyesha programu yake ya kufuatilia matatu. Ramani safi, rangi tele, na pembeni imeandikwa "kasi". Nikamwuliza anaipataje. Akasema kila dakika anachukua mahali gari lilipo, kisha anagawanya umbali kwa muda. Ndugu yangu, hiyo si kasi ya gari, huo ni wastani, na wastani huficha mengi.

Chukua matatu inayotoka Kisii kwenda Keroka, mji ule ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Iko Keumbu. Dakika inaanza ikiwa imesimama, sekunde 24 zinaisha mama akishusha ndizi zake. Kisha dereva anakanyaga. Dakika ikitimia imekwenda mita 800. Programu inaandika kilomita 48 kwa saa na mwenye gari analala usingizi mnono. Lakini mita hizo zimekwenda kwa sekunde 36 tu, yaani kilomita 80 kwa saa, kikomo cha sheria kwa matatu. Na kwa kuwa ilianza na sifuri, lazima kuna mahali ilipita 80! Vidhibiti mwendo vya Michuki vya mwaka 2004 havikuletwa ili sisi waandishi wa programu tuvifanyie mzaha.

Chora grafu: muda chini, mahali juu. Gari likisimama mstari unalala, likikimbia unapanda. Kasi ya papo hapo ni mwinamo wa tanjenti, ule mstari unaogusa mchoro kwenye nukta unayoitaka. Shuleni tulichora tanjenti kama ibada ya mtihani, weka rula, vuta, pata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba tunatafuta kile ambacho mshale wa dashibodi unasema sasa hivi.

Basi tupime kila sekunde? Polepole. GPS hukosea mita kadhaa. Nukta mbili zikikosea mita 3 kila moja, pande tofauti, matatu iliyoegeshwa "inakimbia" kilomita 21.6 kwa saa. Chukua nukta chache kabla na baada, upitishe mstari katikati yake. Au soma kasi ya kipokezi chenyewe, maana vingi huipata kwa Doppler ya mawimbi ya setilaiti, bila kugawanya umbali wowote.

Nilipomweleza hivyo, jamaa akacheka. Kumbe namba hiyo huja kila sekunde, na yeye huifuta ili kuokoa nafasi.