Kivu: mto unapita bure usiku, motari ananunua esansi kwa Kadhafi

Kila mara bei ya esansi inapopanda, bei ya safari ya pikipiki inapanda siku ileile Goma, Bukavu, Butembo na Beni. Motari anamwongezea mteja, mama anayepeleka mihogo soko anaongeza bei ya mihogo, na mwisho wa hesabu ni mwenye kula ndiye analipa yote. Esansi hiyo inatoka mbali, inapita mipaka na vizuizi vya barabarani, mpaka inafika ndani ya bidoni ya Kadhafi kando ya njia. Wakati huohuo, katika jimbo hilohilo, mito inateremka milimani usiku kucha, na sehemu kubwa ya nguvu yake haimfikii mtu.

Ndiyo sababu mazungumzo juu ya pikipiki za umeme hayafai kuchukuliwa kama habari ya Ulaya. Inchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika betri nyingi za magari ya umeme, haiwezi kuendelea kutazama betri hizo zikipita mbele ya macho yake. Lakini muuza pikipiki si yeye atakayeamua kama jambo hili litafaulu au litakufa. Mwamuzi ni kampuni ya umeme: bei inayoweka, saa inazotoa umeme, na jinsi inavyomsaidia mteja asiupoteze.

Mashariki ya Congo haianzi kutoka sifuri. Tangu sheria ya Juni 2014 ilipofungua mlango wa sekta ya umeme, SNEL si yenyewe tena peke yake. Virunga Energies, kampuni iliyozaliwa na Hifadhi ya Virunga, ilianza na kituo kidogo cha Mutwanga mwaka wa 2013, chini ya mlima Rwenzori. Kisha kikaja kituo cha Matebe, katika Rutshuru, chenye megawati zaidi ya 13, na kingine cha Luviro, katika Lubero, chenye megawati zaidi ya 14. Katika Goma, kampuni Nuru iliwasha mwaka wa 2020 kituo cha jua cha megawati 1,3 pamoja na betri zake. Katika Kivu ya Kusini, SNEL inatumia maji ya Ruzizi, yanayotoa umeme tangu wakati wa ukoloni. Umeme huu wote hautokani na mafuta ya kununua nje. Unatokana na maji na jua.

Shida ni kwamba umeme wa mto una tabia yake. Matebe na Luviro ni vituo vinavyotumia maji yanavyopita, bila bwawa kubwa la kuyahifadhi. Maji yasiyozungusha mashine saa nane ya usiku hayarudi saa moja ya jioni. Na watu wanatumia umeme kwa wingi jioni: ampuli zinawaka, televizyo inawaka, pasi inawaka, wote pamoja. Saa nne ya usiku inapopita, mji unalala na mashine zinakosa wateja. Kampuni imejenga kituo kwa deni kubwa, lakini kwa masaa mengi ya usiku kituo hicho hakiiletei feza inayolingana na gharama yake.

Hapa ndipo pikipiki ya umeme inapata maana. Motari anafanya kazi mchana na jioni. Usiku pikipiki inalala. Hesabu ni rahisi. Kama pikipiki 10 000 zinahitaji kilowati-saa 5 kila moja kwa kazi ya siku nzima, hiyo ni kilowati-saa 50 000. Zikigawanywa kwa masaa 8 ya usiku, zinadai megawati 6 na kidogo. Hiyo haifiki nusu ya Matebe, tena katika masaa ambapo umeme hauna mwenye kuuomba. Motari anapata nguvu ya bei nafuu, na kampuni inapata mteja asiyegombana na mama anayepika chakula cha jioni.

Lakini hilo halitakuja lenyewe. Kama bei ya umeme ni moja asubui, jioni na usiku, motari atachomeka betri yake saa moja ya jioni, wakati anaporudi kula. Atafanya hivyo bila ubaya wowote, na mtaa mzima utaingia giza kwa sababu kabini imezidiwa. Pikipiki zilezile 10 000, zikichomekwa wakati mmoja jioni, ni mzigo. Zikichomekwa usiku, ni faida. Tofauti kati ya mzigo na faida ni bei ya usiku na mita inayoweza kuhesabu saa.

Majirani wamekwisha kuelewa jambo hili. Kenya, ambako sehemu kubwa sana ya umeme inatoka katika mvuke wa chini ya ardhi, maji na upepo, iliweka mwaka wa 2023 bei ya pekee kwa vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa kilowati-saa katika masaa ya kawaida, na nusu yake katika masaa ya usiku. Rwanda iliamua mwaka wa 2021 kuondoa kodi kadhaa juu ya magari na pikipiki za umeme, na kuvipa vituo vya kuchaji bei ya umeme ya viwanda. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria katika Kigali inaandikishwa ikiwa ni ya umeme tu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya siasa za majirani. Hata hivyo, motari wa ng'ambo ya mpaka anaingia kazini na gharama ndogo kuliko motari wa huku, na hiyo haihitaji siasa ili ionekane.

Kuna watakaouliza: vipi kuzungumza pikipiki za umeme wakati karibu Wacongomani wanne kati ya watano hawana umeme nyumbani? Swali ni la haki, na jibu lake haliwezi kuwa la haraka. Ikiwa pikipiki zitakula umeme uliokuwa uende kwenye nyumba, basi ni anasa. Lakini umeme usio na mnunuzi ndio unaochelewesha nyaya kufika mitaa ya mbali, kwa sababu kampuni isiyolipa deni lake haipati deni lingine la kununua nguzo na nyaya. Mfano uko Luviro. Hifadhi iliweka pale mashine za kuchimba bitcoin, ili kutumia umeme uliokuwa bado haujapata wateja. Feza iliingia na hifadhi ilisaidika katika miaka migumu, hilo lisikataliwe. Lakini ikiwa kompyuta inaweza kuwa mteja wa umeme katika Lubero, motari wa Butembo naye anastahili nafasi katika mstari, tena mbele.

Jambo la pili ni kutopoteza umeme, na hapa kampuni nyingi zinanyamaza, kwa sababu zinaona kwamba mteja akipunguza matumizi, fatura inapungua. Hiyo ni hesabu ya siku moja. Ampuli ya zamani inakula wati 60; ampuli ya LED inatoa mwangaza uleule kwa wati 9. Nyumba 100 000 zikibadilisha ampuli mbili kila moja, jioni zinaachilia megawati 10 hivi. Kujenga kituo kipya cha megawati 10 kunadai miaka, mamilioni ya dola na barabara yenye usalama. Kubadilisha ampuli kunadai duka na mkopo mdogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena kuna jiko. Nyumba nyingi za Goma bado zinapikia mbabula, na sehemu ya makala hayo inatoka katika msitu wa Virunga, ambako biashara yake inalisha makundi yenye silaha. Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharagwe kwa umeme mdogo kuliko resho ya waya mwekundu, kwa sababu joto halitoki nje. Lakini mama anayenunua makala kidogokidogo kila siku hawezi kutoa bei yote ya sufuria siku moja. Kampuni ya umeme inaweza. Inanunua kwa wingi, inampa mteja, na kukata kidogokidogo kila anapoweka feza katika mita ya kulipia mbele. Mita hizo ziko tayari katika nyumba nyingi. Kinachokosekana ni uamuzi.

Katika Bukavu na Uvira hali ni nyingine, na haifai kuifunika. Huko umeme hautoshi hata jioni ya leo. Ruzizi ya Kwanza ilijengwa katika miaka ya 1950 na ina megawati karibu 30. Ruzizi ya Pili, ya mwaka wa 1989, ina karibu 44, na inagawanywa kati ya Congo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya Tatu, yenye megawati 206 kwa inchi hizo tatu, imesubiriwa miaka na miaka. Na juu ya uzee wa mashine kuna takataka: chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa katika ziwa Kivu inasukumwa na maji mpaka kwenye kituo, inaziba njia, na mashine zinasimamishwa ili zisafishwe. Kila chupa inayotupwa katika mtaro wa Kadutu inaweza kurudi kama giza katika Kadutu hiyohiyo.

Kwa hiyo, katika Bukavu, kazi ya kwanza ya kampuni si kutangaza kituo cha kuchaji pikipiki. Ni kuandika ratiba ya delestaji na kuifuata. Raia anaweza kuvumilia umeme wa masaa sita akijua ni masaa gani. Fundi wa kuchomelea atapanga kazi yake, kinyozi pia, na hospitali itajua lini iwashe jenereta. Asiyejua saa ya umeme ananunua jenereta, na kampuni imempoteza. Kisha kazi ya pili: kabini na nyaya za zamani zinazopoteza umeme njiani zibadilishwe, na mita zifungwe, ili fatura isiwe ya kukisia. Umeme unaopotea kati ya kabini na nyumba haumfaidi mwizi wala mwaminifu.

Vita navyo haviwezi kuachwa nje ya hesabu. Mwezi wa Januari 2025, wakati wa mapigano, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme, na bila umeme pompa za maji zilinyamaza. Watu walikwenda ziwani na bidoni. Mafundi walirudi kwenye nyaya mara njia ilipofunguka. Siku hizo zilifundisha kwamba mstari mmoja wa umeme kwa mji mkubwa ni hatari. Vituo vya jua vyenye betri ndani ya mitaa, hata vidogo, vinafaa vijengwe karibu na hospitali na pompa za maji. Na wote wenye silaha, wa upande wowote, wanafaa kusikia jambo moja: nguzo ya umeme haina chama.

Basi kinachotakiwa si ndoto. Kampuni za umeme za Kivu ziweke bei ya usiku, ziitangaze kwa Kiswahili na katika redio, ili motari aijue kama anavyojua bei ya esansi. Ziuze ampuli na sufuria za umeme kwa mkopo kupitia mita. Zitoe ratiba ya delestaji inayoheshimiwa. Mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme, iliyotokana na sheria ya 2014, idai hayo katika kila kibali, na ichapishe bei ambazo raia anaweza kuzisoma. Nayo serkali ipunguze kodi juu ya betri, maana madini yake yalitoka humu humu.

Pikipiki za umeme zitafika Kivu, kampuni zikitaka au zisipotaka. Biashara ya mpakani haingoji mtu. Zikizikuta kampuni zimelala, zitachomekwa jioni, zitachoma kabini, na raia atasema umeme ni wa matajiri. Zikizikuta zimejipanga, maji yanayopita bure usiku katika Rutshuru na Lubero yatakuwa mkate wa motari, na feza yake itavuta waya mpaka kwa jirani ambaye bado anawasha mshumaa.